Jinsi ya kuishinda hofu baada ya kuanguka kutoka kwa farasi

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hii huwafaa sana watu wazima waliowahi kuanguka kutoka mgongoni mwa farasi. Kila wakitaka kumpanda tena, magoti huwatetemeka, mate huwakauka na tumbo huwachafuka.

Hapa nchini watu hao si wachache kama inavyodhaniwa. Wapo wanaojifunza kupanda farasi huko Karen na Lang'ata jijini Nairobi, Limuru, Gilgil na Nanyuki. Wapo pia masaisi, yaani wale wanaowatunza farasi na kuwafanyisha mazoezi kila alfajiri, wapanda farasi wa mashindano katika uwanja wa Ngong, na waongozaji wa watalii. Kwa mwanafunzi, hofu humharibia burudani. Kwa saisi, hofu inaweza kummwagia unga.

Wengi wao hupewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni, "Panda tena sasa hivi kabla hofu haijakuingia." Wa pili ni, "Jikaze, wewe si mtoto." Ushauri wote huu una kasoro. Hofu ya aina hii ni somo ambalo mwili umelishika, na dawa yake ni kuufundisha mwili somo jingine, kidogo kidogo na kwa kurudiarudia. Haiondoki kwa kujikaza, wala haiondoki kwa kukaa nyumbani ukingoja iishe yenyewe.

Hofu huingiaje mwilini?

Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo yenye umbo la lozi iitwayo amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kengele ya hatari. Kengele hiyo inapolia, tezi zilizo juu ya figo hutoa homoni ya adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika na misuli hukazana ili mtu awe tayari kupigana au kukimbia. Kazi ya tumbo hupunguzwa, na ndiyo sababu mwenye hofu huhisi kichefuchefu.

Siku ya ajali, ubongo hauweki kumbukumbu ya kuanguka peke yake. Huweka pia mambo yaliyokuwapo wakati huo: harufu ya farasi, mlio wa kwato, na hata pembe ile ya uwanja ambapo farasi alishtuka. Baadaye jambo moja tu kati ya hayo latosha kuiamsha kengele, hata kama farasi aliye mbele yako ni mzee, mpole na nusu amelala.

Jambo hili lilionyeshwa zamani. Mwaka 1920, wanasaikolojia John Watson na Rosalie Rayner wa Marekani walimwonyesha mtoto mchanga panya mweupe huku wakigonga chuma kwa kishindo nyuma yake. Punde mtoto akawa analia akimwona panya tu, hata pasipo kishindo, na akaanza kuogopa wanyama wengine wenye manyoya. Leo jaribio kama hilo haliwezi kukubaliwa, lakini lilidhihirisha kwamba hofu yaweza kufundishwa.

Mwaka 1924, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani, Mary Cover Jones, alionyesha kwamba hofu yaweza pia kuondolewa. Alimsaidia mtoto aliyemwita Peter, ambaye aliwaogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula alichokipenda, sungura aliletwa karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, mpaka Peter akawa anamgusa bila wasiwasi. Joseph Wolpe, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini, aliueleza utaratibu unaofanana na huo kwa watu wazima katika kitabu chake cha mwaka 1958. Msingi wa tiba nyingi za hofu zinazotumiwa siku hizi ni huo huo: kukikaribia kile unachokiogopa, hatua kwa hatua.

Kwa nini mtu mzima huathirika zaidi?

Mtoto akianguka hujipangusa vumbi na kuomba apandishwe tena. Mtu mzima huanza kupiga hesabu. Je, nikivunjika mguu nani atawapeleka watoto shuleni? Mshahara utatoka wapi? Hesabu hiyo si woga. Ni busara ya mtu mwenye majukumu.

Mwili nao umebadilika. Mtu mzima ni mzito zaidi, viungo vyake havinyumbuki kama zamani, na majeraha yake huchukua muda mrefu kupona. Wanawake wengi hupoteza ujasiri baada ya kujifungua, wakati misuli ya tumbo na nyonga ingali dhaifu. Aidha, mifupa ya mwanamke huanza kupungua nguvu kwa kasi hedhi inapokoma. Mwenye umri huo afadhali amwone daktari kuhusu hali ya mifupa yake kabla ya kurudi farasini.

Kukwepa huilisha hofu

Tuseme mama mmoja mwenye umri wa miaka 42 alianguka mwezi wa Machi. Mwezi wa Mei anafika kwenye lango la mazizi, moyo unaanza kudunda, naye anageuza gari na kurudi nyumbani. Anapogeuka tu, hofu inashuka na anahisi nafuu kubwa.

Nafuu hiyo ndiyo mtego. Ubongo huichukulia kama zawadi na kukata kauli kwamba amepona kwa sababu amekimbia. Safari ijayo hofu itaanza mapema zaidi, pengine akiwa bado anavaa buti nyumbani. Kila anapokwepa, hofu hupata nguvu mpya.

Kujilazimisha kupita kiasi nako kuna madhara. Anayepandishwa juu ya farasi kwa nguvu huku akitetemeka, kisha akashuka akiwa na hofu kuu zaidi, ameufundisha ubongo wake kwamba kengele ilikuwa sahihi. Njia ifaayo ipo katikati: hofu iwepo, lakini iwe ya kiasi unachoweza kukimudu mpaka ishuke yenyewe.

Farasi husoma hofu yako

Farasi ni mnyama anayewindwa porini, na maisha yake hutegemea kutambua hatari mapema. Macho yake yaliyo kando ya kichwa humwezesha kuona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake kabisa na mbele ya paji la uso. Hali kadhalika, huhisi hata nzi akitua mgongoni. Hawezi kukosa kuhisi mapaja yanayombana.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na wataalamu wa Sweden ulithibitisha jambo hili. Watu waliwapanda au kuwaongoza farasi kwenye njia moja mara kadhaa. Kabla ya safari ya mwisho waliambiwa kwamba mwavuli ungefunguliwa ghafla farasi akipita. Mwavuli haukufunguliwa kamwe. Hata hivyo, mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi pia yakapanda, ingawa farasi hakuwa na habari yoyote ya mwavuli.

Mpandaji mwenye hofu hufanya makosa yale yale bila kujua. Huinamia mbele, huvuta hatamu na hubana miguu. Miguu humwambia farasi "nenda", hatamu humwambia "simama". Farasi huchanganyikiwa na kuanza kurukaruka, na mtu aliyeinama mbele huanguka kwa urahisi. Hivyo basi, kutuliza mwili wako ni sehemu ya usalama wako.

Kwanza, jiulize kama hofu yako ina sababu

Si kila hofu ni ya kuondolewa. Kuna hofu inayobaki ingawa hatari imeisha, na kuna inayokuonya juu ya hatari ambayo ingalipo. Kabla ya kujilaumu, chunguza haya:

1. Je, farasi huyu anakufaa? Mpandaji aliyepoteza ujasiri anahitaji farasi mtu mzima, mtulivu, aliyezoea wanafunzi. Farasi mdogo au aliyetoka kwenye mashindano ya mbio si wa mtu kama huyo.

2. Je, farasi ana maumivu? Tandiko lisilomkaa vizuri, meno yenye ncha kali au kidonda mgongoni humfanya hata farasi mpole arushe miguu. Daktari wa mifugo na saisi wake watakueleza.

3. Je, vifaa vyako ni salama? Helmeti ya kupandia farasi iliyogonga chini kwa kishindo haina kazi tena, hata kama haina ufa unaoonekana. Nunua nyingine. Buti ziwe na kisigino ili mguu usipenye na kunasa kwenye kikuku.

4. Je, mwalimu wako anakusikiliza? Anayekucheka au kukupigia kelele hakufai, hata awe hodari namna gani.

Mwili upone kwanza

Ule ushauri wa kupanda tena papo hapo umewaponza wengi. Mtu akigonga kichwa, hata asipozimia, asipande tena siku hiyo. Akitapika mara kwa mara, akiumwa na kichwa kunakozidi, akisinzia kupita kawaida, akiona maruweruwe, akichanganyikiwa, akilegea upande mmoja au akipatwa na kifafa, apelekwe hospitalini mara moja. Asipoonyesha dalili hizo, bado anahitaji kuchunguzwa, kupumzika kwa siku moja au mbili, na kurudia shughuli zake polepole. Kipigo cha pili kichwani kabla cha kwanza hakijapona ni hatari sana.

Masaisi na wengine walioajiriwa wahakikishe ajali imeandikwa kazini na kwamba wamepata barua ya daktari. Sheria ya mwaka 2007 kuhusu fidia kwa majeraha ya kazini inamlinda mfanyakazi, lakini ajali isiyoripotiwa ni vigumu kuithibitisha.

Jenga ngazi yako

Chukua karatasi na uandike mambo yote yanayohusu farasi, kuanzia lile linalokutisha kidogo hadi lile linalokutisha zaidi. Lipe kila moja alama kutoka 0 hadi 10. Ngazi ya mtu mmoja yaweza kuwa hivi:

- Kusimama nje ya uwanja ukitazama wengine wakipanda (alama 2).
- Kumsugua farasi kwa brashi zizini (3).
- Kumwongoza farasi kwa kamba ukitembea kando yake (4).
- Kuketi juu yake akiwa amesimama na saisi ameshika hatamu (5).
- Kutembea huku saisi akimwongoza (6).
- Kutembea peke yako, kusimama na kugeuka ndani ya uwanja (7).
- Hatua chache za troti, yaani ule mwendo wa haraka wa kudundadunda (8).
- Kutoka nje ya uwanja pamoja na farasi mwingine aliyetulia (9).
- Kanta, yaani mbio za polepole (10).

Anza na lile lenye alama 2 au 3. Baki hapo mpaka hofu ipungue kwa nusu hivi. Usiondoke hofu ikiwa kileleni, maana hapo utakuwa umeilisha. Rudia hatua hiyo siku nyingine mpaka ikuchoshe. Kuchoshwa ni ishara njema! Ndipo upande hatua inayofuata, bila kuruka yoyote.

Dakika 20 mara tatu kwa wiki zina faida kuliko saa mbili kwa siku moja. Malizia kila zoezi kwa jambo unaloliweza vizuri, ili kumbukumbu ya mwisho iwe njema. Hatua ikikushinda, rudi moja chini yake, usirudi nyumbani.

Pumzi, macho na sauti

Ukiwa juu ya farasi huwezi kuiamuru amigdala inyamaze, lakini waweza kuitumia pumzi. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika. Kutoa pumzi polepole huuamsha mshipa wa fahamu uitwao vagasi, ambao hupunguza kasi ya moyo. Jizoeze nyumbani kila siku, kwani jambo lisilozoewa katika utulivu halikumbukwi katika vurugu.

Inua macho utazame mahali unakokwenda. Anayetazama masikio ya farasi huinama, na mwili hufuata kichwa. Kisha ongea, au imba wimbo wowote unaoupenda. Huwezi kuimba huku umezuia pumzi, na mabega hushuka yenyewe.

Mwombe mwalimu akufungie ukanda shingoni mwa farasi. Ukishtuka, ushike huo badala ya kuvuta hatamu. Akufundishe pia, farasi akiwa katika mwendo wa kutembea, jinsi ya kumsimamisha kwa kumgeuza kichwa upande mmoja azunguke katika duara dogo. Ajuaye namna ya kusimama haogopi sana kwenda.

Ujasiri hutoka wapi?

Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kwamba imani ya mtu katika uwezo wake hutoka kwenye vyanzo vinne. Cha kwanza, na chenye nguvu kuliko vyote, ni kufanya jambo na kufaulu, hata likiwa dogo. Cha pili ni kuwaona watu wa hali kama yako wakifaulu. Cha tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa mtu unayemwamini. Cha nne ni jinsi unavyoifasiri hali ya mwili wako: moyo unaodunda waweza kuuita "hatari", au waweza kuuita "mwili wangu unajiandaa".

Ndiyo maana ngazi huanza na mambo madogo. Ndiyo maana pia inafaa kupanda pamoja na mwanafunzi mwingine mwenye umri wako. Kijana wa miaka 15 anayeruka vizuizi hakufunzi kitu, maana moyoni utasema, "Huyo si mimi."

Ukitaka mfano wa aliyerudi polepole akafika mbali, mkumbuke Lis Hartel wa Denmark. Mwaka 1944 akiwa mjamzito alipatwa na polio, na miguu yake ikabaki imepooza kuanzia magotini kwenda chini. Alianza upya, akisaidiwa kupanda na kushuka. Mwaka 1952 katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki alishinda nishani ya fedha, akishindana na wanaume, na mwaka 1956 akanyakua ya fedha tena.

Hofu ikirudi tena

Wataalamu wameeleza kwamba somo jipya halifuti lile la zamani. Yote mawili hubaki ubongoni yakishindana. Kwa hiyo usishangae hofu ikirudi baada ya likizo ndefu, ukibadilisha farasi au ukisikia mwenzako ameanguka. Haimaanishi umeshindwa. Shuka hatua mbili za ngazi, na utaona kwamba mara hii unapanda upesi zaidi.

Jambo moja tunalisisitiza: usinywe pombe ili "kujipa moyo", wala usimeze vidonge vya kutuliza alivyoandikiwa mtu mwingine. Pombe na dawa hizo hupunguza wepesi wa mwili na huharibu uamuzi. Isitoshe, ubongo utasema ni chupa iliyokuokoa, na siku usipokuwa nayo hofu itakuwa pale pale.

Mwone daktari au mshauri ikiwa umepita mwezi mmoja tangu ajali na bado unaota jinamizi, unaiona ajali tena machoni ukiwa macho, huna usingizi, au hofu imeingia katika mambo mengine kama kuendesha gari. Hiyo yaweza kuwa athari ya mshtuko mkubwa wa akili, na ina tiba ambayo huwasaidia wengi.

Mwisho, hakuna sheria inayokulazimisha kupanda. Wapo wanaofurahia kumsugua farasi na kumwongoza kwa kamba, wakatosheka. Lakini uamuzi huo ufanye siku uliyotulia, wala si siku unayokimbia. Ikiwa moyo wako bado unataka, tafuta farasi mpole, mwalimu mwenye subira, na uanze na hatua ya chini kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.